Kompresa ya AC ikifa, mkanda upite wapi?

Harufu ndiyo hutangulia. Mpira unaungua mahali fulani, dereva anadhani ni gari la mwenzake kwenye foleni, anapandisha kioo na kuendelea. Mara unasikika mlio mkali wa chuma kukwaruza chuma, taa nyekundu ya betri inawaka kwenye dashibodi, na kabla hajafika kwenye mataa yanayofuata mshale wa joto umeanza kupanda. Anaegesha pembeni, anafungua boneti, anakuta mkanda umechanika nyuzinyuzi na mabaki yake yamejiviringisha kwenye puli. Kilichomfikisha hapo ni kompresa ya kiyoyozi, na mara nyingi ni kiyoyozi ambacho hakijampulizia hewa ya baridi kwa miaka.

Dar es Salaam imejaa magari yaliyo njiani kuelekea siku hiyo. Toyota IST, Vitz, Premio, Noah, Rav4: yametumika Japan, yakavuka bahari, yakaanza maisha ya pili hapa kwenye vumbi, chumvi ya pwani na joto. Injini zake ni ngumu, zinavumilia mengi. Kompresa haivumilii kiasi hicho. Inapochoka kuna uamuzi wa kufanya, na gereji nyingi humfanyia mwenye gari uamuzi huo bila hata kumuuliza: inunuliwe kompresa nyingine, au ing'olewe na mahali pake pafungwe puli tupu ya kuupitisha mkanda, kitu ambacho mafundi wanakiita baipasi. Sina ugomvi na baipasi. Imeyarudisha barabarani magari ya watu wasio na uwezo wa kununua kompresa, yakaendelea kupeleka watoto shule na mboga sokoni. Ninachokipinga kwa nguvu ni baipasi inayofungwa kabla ugonjwa haujajulikana, inayofungwa kwa kukisia, au inayofungwa pasipo mwenye gari kuambiwa anapoteza nini.

Shauri hili linaanzia kwenye mkanda wenyewe. Magari ya zamani yalikuwa na mikanda miwili au mitatu, kila mmoja na kazi yake, na mkanda wa AC ukikatika ulikosa ubaridi, basi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji walianza kuhamia kwenye mkanda mmoja mrefu wenye mistari, unaopita puli zote za mbele ya injini. Kwenye IST unatoka kwenye puli ya chini inayozungushwa na injini yenyewe, unazungusha pampu ya maji, altaneta na kompresa. Kwenye magari yenye usukani wa haidroli mara nyingi unabeba na pampu ya usukani. Mpango huu unaokoa nafasi, lakini umevifunga vyote hatima moja. Puli moja ikigoma, mkanda unaburuzika juu yake hadi unaungua. Ukikatika, altaneta haichaji, maji hayazunguki, usukani unakuwa mzito. Injini ya aluminiamu ikiendeshwa imechemka hata kwa dakika chache, gasketi ya silinda hedi inaweza kuondoka, na gharama ya kazi hiyo inaifanya kompresa ionekane kitu kidogo.

Sasa tazama uso wa kompresa. Puli yake haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti. Inakaa juu ya beringi yake, na mkanda unaizungusha muda wote injini inapowaka, AC iwe imewashwa au imezimwa. Nyuma ya puli kuna koili ya umeme. Mbele yake kuna sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti, na kati ya sahani hiyo na puli kuna upenyo usiofika milimita moja. Ukibonyeza kitufe cha AC, koili inageuka sumaku na kuivuta sahani ishikane na puli. Unasikia "tak", shafti inaanza kuzunguka, gesi inasukumwa. Ukizima, sahani inaachia na puli inaendelea kuzunguka peke yake. Ndiyo maana mtu asiyewasha AC mwaka mzima bado anaimaliza beringi ya kompresa, kilomita kwa kilomita.

Mfumo huo wa kushika na kuachia, yaani klachi, haukuwapo mwanzoni. Packard, kampuni ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, katika modeli zake za mwaka 1940, ilifunga kompresa isiyo na klachi. Injini ikiwaka, nayo inazunguka. Aliyetaka kuzima ubaridi kabisa alizima injini, akafungua boneti na kuuvua mkanda kwa mkono. Mwaka 1954 Nash, kampuni nyingine ya huko huko, ilileta mfumo uliokusanywa mbele ya gari na kutumia klachi ya umeme, na huo ndio mtindo tulioishi nao tangu hapo. Kwa hiyo wazo la kuitenga kompresa na mkanda lina umri sawa na AC ya gari yenyewe, na halina aibu yoyote.

"Kompresa imekufa" ni neno linalotamkwa haraka mno kwenye gereji zetu. Kuna vifo tofauti, na kila kimoja kina dawa yake. Fundi makini anaanza kwa kuuvua mkanda na kuizungusha puli kwa vidole. Puli nzima inakwenda kimya na kwa ulaini. Inayougua inakwaruza, unaihisi vidoleni kabla hujaisikia, na ukiishika juu na chini ukaitikisa inacheza. Huo ni ugonjwa wa beringi. Kisha anaigeukia ile sahani ya mbele na kuizungusha peke yake, maana ndiyo iliyoshika shafti. Ikikubali kuzunguka kwa uzito unaolingana mzunguko mzima, kompresa kwa ndani huenda haina tatizo. Ikikubali kidogo na kukwama, au ikigoma kabisa, imejam. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala geji ya gesi. Kinahitaji spana moja ya kulegeza mkanda na dakika chache za mtu asiye na haraka.

Lakini mazungumzo mengi ya gereji huwa hivi:

"Mama, kompresa imejam. Tuitoe tu, tufunge baipasi uondoke."

"Fundi, mbona AC ilikuwa inapoza vizuri hadi jana?"

"Ndiyo hivyo mama, vitu vya umeme. Imekufa leo."

Mama huyo amesema jambo kubwa kuliko anavyojua. Kompresa iliyopoza hadi jana, na leo inapiga kelele hata kitufe cha AC kikiwa kimezimwa, yamkini imekufa beringi ya puli tu. Beringi hiyo ina namba yake ubavuni, na maduka ya beringi huiuza peke yake. Kazi yenyewe inafanyika nje ya mwili wa kompresa: unafunguliwa mkanda, inatolewa bolti ya katikati, sahani inavuliwa pamoja na vile vijipete vyembamba vinavyopanga upenyo wake (visipotee!), inafunguliwa pete ya chuma inayofunga puli, na puli inavutwa. Beringi ya zamani inasukumwa nje kwa mashine ya presi, mpya inaingizwa kwa kubanwa kwenye duara lake la nje, kwa sababu ikigongwa nyundo katikati inaharibika siku hiyo hiyo. Gesi haiguswi. Hakuna bomba linalofunguliwa. Jioni mama anaondoka na AC yake inapoza, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kompresa. Huyu akifungiwa baipasi ameibiwa kiyoyozi kizima, hata kama fundi hakuwa na nia ya kuiba.

Kuna na kinyume chake. Shafti imejam ndani, ila beringi ya puli ni nzima. Hapo kelele na moshi vinatokea AC ikiwashwa tu, kwa kuwa sahani inashika puli na shafti haikubali kwenda. Ukichomoa soketi ya waya wa klachi ukaifunga vizuri isiguse maji, puli itazunguka bure kama kawaida na mkanda hautajua kuna tofauti. Gari linaweza kwenda hivyo kwa muda mrefu bila puli mpya wala mkanda mpya. Toyota waliliona tatizo hili mapema, wakaweka katika modeli zao nyingi kihisi kinacholinganisha mwendo wa kompresa na wa injini. Kompresa ikizidi kusuasua, klachi inakatiwa umeme na taa ya kitufe cha AC inaanza kumetameta. Wengi wakiona taa ile inameta wanaipuuza, au wanaizima na kuiwasha tena mara kadhaa kwa matumaini itatulia. Taa hiyo inaulinda mkanda, na kupitia mkanda inailinda injini. Ikimeta, zima AC na uende kwa fundi.

Hapa ndipo kuna njia ambayo sijui kwa nini haitangazwi zaidi. Kompresa inaweza kuwa baipasi yake yenyewe. Kama beringi imekwisha na ndani napo kumejam, vua sahani na koili, weka beringi mpya, rudisha puli, ifunge kwa pete yake. Mwili wa kompresa unabaki umekaa pale pale kama bano, bolti zake zile zile, puli imenyooka na nyingine kama ilivyopangwa kiwandani, na mkanda ni wa saizi ile ile. Kama mfumo ulikuwa hauvuji, gesi inabaki ndani na unyevu hauingii. Siku mwenye gari akipata fedha, anakuta kila kitu mahali pake. Katika mji ambao puli za baipasi zilizotengenezwa tayari ni adimu, sioni suluhisho la heshima zaidi ya hili kwa kompresa yenye klachi.

Halitoshi kila mahali. Beringi iliyoachwa ikilia kwa miezi mwishowe inakula shingo ya kompresa inapokaa, na beringi mpya haipati tena pa kushika. Kompresa nyingine zimepasuka, au zimeshang'olewa na fundi wa kabla na kuuzwa. Kwa magari haya puli ya baipasi ni lazima, ama kompresa nyingine inunuliwe.

Na kwa nini isinunuliwe tu? Fedha, bila shaka, lakini sababu ni zaidi ya bei ya kile kipande kimoja. Kompresa inapojisaga hadi kujam, chembe zake za aluminiamu husambaa na mafuta kwenye mfumo mzima, zikakwama kwenye mirija myembamba ya kondensa, kwenye draya, na kwenye ile vali ndogo ya ndani inayopitisha gesi kwa kipimo. Mafuta yanatoka meusi. Ukifunga kompresa nyingine juu ya uchafu huo bila kusafisha mabomba, kubadili draya na, kwa magari yenye kondensa ya mirija myembamba sana, kubadili kondensa yenyewe, umeinunulia kompresa yako kifo kile kile. Baada ya hapo mfumo unatakiwa uvutwe hewa kwa pampu ili unyevu wote utoke, uwekwe mafuta ya aina na kiasi sahihi, ndipo gesi ijazwe kwa kupimwa kwa mizani. Kompresa za mtumba kutoka Japan ni bahati nasibu. Nyingine zimekaa sakafuni bandari hadi bandari zikiwa zimeachwa wazi, zinanyonya unyevu. Mtu wa kipato cha kawaida akipigiwa hesabu hiyo yote kwa uaminifu, kisha akachagua baipasi, amechagua kwa akili. Anayestahili lawama ni anayempigia hesabu ya kompresa peke yake, akamfungia, na kumwona amerudi baada ya wiki chache analia.

Marekani puli hizi zinauzwa zikiwa tayari kwenye maboksi. Kampuni kama Dorman hutengeneza bano la chuma lenye umbo la kompresa ya gari fulani, lenye matundu ya bolti yale yale na puli iliyokaa pale pale puli ya kompresa ilipokuwa. Ni kwa modeli zinazouzwa kwa wingi huko, kwa hiyo mwenye IST au Noah hapa kwetu hana cha kuagiza kwa urahisi. Anakwenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mwenzake wa Nairobi anateremka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Huko anakuta watu wa leth, wa kuchomelea na wa beringi wamekaa mtaa mmoja, na kitu kisichokuwapo asubuhi kinakuwapo jioni.

Nimesimama kutazama bano la namna hii likitengenezwa, na nina heshima kubwa kwa kazi ile inapofanywa na mtu anayejua. Kompresa ya zamani inawekwa juu ya meza. Kipande cha boksi kinabanwa kwenye masikio yake, penseli inachora matundu, boksi linakatwa kuwa kielelezo. Kielelezo kinahamishiwa kwenye bapa nene la chuma, linakatwa na kutobolewa. Puli inatoka kwenye gari jingine, aghalabu ile puli ya kukazia mkanda, na beringi yake inabadilishwa: mara nyingi ni namba 6203, yenye tundu la milimita 17, kipenyo cha 40 na unene wa 12, ya aina iliyofunikwa kwa mpira pande zote mbili ili vumbi na maji visiingie. Kisha inakuja sehemu inayomtenga fundi na mbahatishaji. Puli lazima isimame kwenye mstari mmoja na nyingine zote. Fundi anaweka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa puli ya chini na ya altaneta, anaisogeza hadi kwenye puli mpya, anatazama mwanga unapita wapi. Akiona upenyo, anaondoka na kipete cha kati kwenda kwa mtu wa leth kinyolewe tena, anarudi, anapima, anakwenda tena. Tofauti ya milimita moja au mbili inatosha kuufanya mkanda ulie asubuhi, ule ukingo wake na siku moja uruke kwenye puli.

Vipimo vingine viwili havisameheki. Kipenyo cha puli mpya na mahali inapokaa vinapaswa kulingana na vya kompresa, la sivyo mkanda wa zamani unakuwa mrefu au mfupi. Na uso wake utegemee upande wa mkanda unaoigusa: upande wa mistari unataka puli yenye mistari, mgongo wa mkanda unataka puli laini. Bapa jembamba nalo ni hatari, kwa sababu mkanda unavuta upande mmoja siku zote. Bapa linapinda taratibu, na puli iliyonyooka siku ya kwanza imeinama baada ya miezi.

Wengine wanaruka yote hayo na kufunga mkanda mfupi unaoikwepa kompresa. Njia hii inaweza kuwa sahihi kabisa, maana magari mengi yalitoka kiwandani pia katika matoleo yasiyo na AC, na watengenezaji walishapanga mkanda wake. Namba iko mgongoni mwa mkanda: 6PK1200, kwa mfano, ni mistari 6 na urefu wa milimita 1,200. Hatari inakuja fundi anapobuni njia yake kwa kamba, akapima urefu, na kutuma kijana dukani. Mkanda lazima uikumbatie kila puli kwa sehemu ya kutosha ya duara lake. Ukiikwepa kompresa, huenda sasa unaigusa puli ya altaneta kwa ncha tu. Mchana gari linakwenda vizuri, usiku taa zikiwashwa na waipa zikifanya kazi mkanda unateleza na betri inakufa polepole. Mbaya kuliko hilo ni mkanda kuigusa pampu ya maji kwa upande usio wake, pampu ikazunguka kinyumenyume. Injini inawaka, kila kitu kinazunguka, hakuna kelele, na maji hayaendi inavyotakiwa. Kwa hiyo kabla ya gari kuondoka gereji, mshale wa joto uangaliwe likiwa limewaka kwa muda, na altaneta ipimwe kwa mita taa zote zikiwa zimewashwa.

Sasa gesi, na hapa ninaomba msomaji anivumilie maana ndipo jambo hili linapotoka kwenye gereji moja na kutuhusu sote. Kompresa haing'oki bila kufungua mabomba mawili, na mafundi wengi wanalegeza nati na kuiacha gesi ipulize angani, "pshhh", kazi iendelee. Magari mengi tuliyonayo yanatumia gesi ya R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12 mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuanza kuziondoa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni. R-134a haitoboi ozoni, lakini kwa kipindi cha miaka 100 inalipasha joto anga kwa takriban mara 1,400 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Gari dogo linabeba karibu nusu kilo. Kuipuliza hiyo nusu kilo ni sawa na kutoa hewa ukaa kilo 700, kiasi kinachotokana na kuchoma lita 300 hivi za petroli. Ni kazi ya sekunde chache.

Makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za jamii hii yalifikiwa hapa hapa Afrika Mashariki, mjini Kigali, Oktoba 2016, yakaanza kutumika Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zilipangiwa kusimamisha ongezeko la matumizi yake kuanzia mwaka 2024, kisha kushusha. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba R-134a inaelekea kuwa adimu, si rahisi. Gereji zenye mashine ya kunyonya na kuhifadhi gesi zipo mijini. Inafaa kupita huko kwanza gesi ikatolewa salama, ndipo gari liende kwa fundi wa baipasi. Gesi hiyo pia ikigusa ngozi au jicho inagandisha papo hapo, na anayeinamia nati ile ni kijana wa gereji asiye na miwani.

Baada ya kompresa kutoka, midomo ya mabomba izibwe. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo jambo rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Vizibo vya plastiki, au vifuniko vya chuma vyenye mpira ndani vilivyobanwa kwa bolti zile zile, vinatosha. Draya ina chembe zinazonyonya maji. Ikiachwa wazi kwenye hewa ya Dar es Salaam inashiba unyevu upesi na kuwa takataka. Nyaya za klachi zifungwe kwa tepu na kushikizwa mbali na mkanda. Kitambaa kilichochomekwa kwenye bomba hakizibi kitu.

Mwenye gari naye anapaswa kuambiwa anachopoteza, na si joto peke yake. Januari hadi Machi Dar inafika nyuzi 32 na unyevu wake, vioo vikiteremshwa kwenye foleni unaingia moshi wa lori na mkono wa mwizi wa simu. Mtu mzima mwenye afya atavumilia. Mtoto mchanga, mjamzito, mzee mwenye presha, hao wanaumia kweli. Lakini hasara ninayoiogopa zaidi ni ya masika. AC inakausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu ulionyonywa kutoka ndani. Bila hiyo, watu wanne wakipumua ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya mvua, kioo cha mbele kinashika ukungu kwa dakika chache, na dereva anaanza kufuta kwa kiganja huku anaendesha usiku. Kwenye magari mengi kitufe cha kusafisha kioo cha mbele kinaiwasha AC chenyewe. Baada ya baipasi kitawaka taa na kisisaidie inavyopaswa.

Kuna namna ya kujisaidia. Hewa iingie kutoka nje, isizungushwe ile ile ya ndani. Feni iwe kubwa, ielekezwe kwenye kioo, hita iwashwe hata kama jasho linatoka, na vioo vya nyuma viteremshwe upana wa kidole. Joto la hita linaipa hewa uwezo wa kubeba unyevu, na kioo kinatakata. Wakazi wa Njombe na Mafinga wanaijua hita. Wa Mbagala wengi hawajawahi kuigusa, na baadhi yao fundi alishaziba mabomba ya hita zamani kwa sababu yalikuwa yanavuja. Gari la aina hiyo, lisilo na AC wala hita, halifai kuendeshwa usiku wa mvua na abiria wamejaa.

Kwenye magari ya haibridi kama ya Toyota habari hii yote haipo. Tangu Prius ya mwaka 2003, na baadaye Aqua, kompresa inazungushwa na mota yake ya umeme wenye volti zinazoua, kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Kompresa hiyo haina mkanda wa kuupitisha popote, na betri kubwa ya magari hayo inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kwa hiyo AC kwake si starehe. Fundi wa baipasi asiiguse. Hata mafuta yake ni tofauti. Ya kompresa za kawaida yakichanganywa yanaharibu kinga ya umeme ndani yake.

Anayenunua gari la mkononi naye ana kazi ndogo ya kufanya kabla ya kulipa. Awashe injini, awashe AC, asikilize ile "tak". Afungue boneti na kuufuata mkanda kwa macho, puli kwa puli, kwa tochi ya simu. Akikuta puli imesimama kwenye bapa lenye alama za kuchomelea, au mabomba mawili ya aluminiamu yanayoishia hewani, amwulize muuzaji kompresa ilitoka lini, ilitoka kwa sababu gani, na mabomba yalizibwa siku ile ile au baadaye. Kama yalizibwa vizuri na kompresa haikujisaga, kuirudisha AC ni kompresa, draya, mafuta na gesi. Kama yaliachwa wazi, aongeze kondensa na vali ya ndani, na kwenye magari mengi vali hiyo iko nyuma ya dashibodi, ambayo itabidi ishushwe yote. Tofauti ya gharama hizo mbili ikatwe kwenye bei ya gari siku ile ile, kabla karatasi hazijasainiwa.